Kuunganisha Ubongo wa Binadamu na Kompyuta: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Habari kuhusu chipu zinazopandikizwa kichwani zimeenea sana katika miaka ya karibuni, na pamoja nazo zimeenea hofu na matumaini ambayo mara nyingi hayalingani na kazi inayofanyika hospitalini na maabarani. Majibu yafuatayo yanajaribu kutenganisha yale yaliyokwisha kuthibitishwa kwa wagonjwa na yale ambayo hadi sasa ni matarajio tu.

Je, ni kweli kwamba ubongo wa mtu unaweza kuunganishwa na kompyuta?

Ndiyo, na safari yenyewe ilianza zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1924 daktari wa Kijerumani Hans Berger, akiwa mjini Jena, alirekodi kwa mara ya kwanza mawimbi ya umeme ya ubongo wa binadamu, akachapisha matokeo yake mwaka 1929. Mwaka 1969 Eberhard Fetz, mtafiti nchini Marekani, alionyesha kwamba tumbili anaweza kujifunza kupandisha kasi ya seli moja tu ya ubongo wake akipewa zawadi kila anapofanikiwa. Miaka minne baadaye, mwaka 1973, Jacques Vidal wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliandika makala iliyouliza waziwazi iwapo mawimbi ya ubongo yanaweza kutumiwa kuendesha kompyuta. Jibu lilipatikana kwa uthabiti mwaka 2004, pale Matthew Nagle, kijana Mmarekani aliyekatwa uti wa mgongo kwa kisu na kupooza kuanzia shingoni kwenda chini, alipowekewa elektrodi, yaani ncha ndogo za kunasa umeme, katika ubongo wake, akaweza kufungua barua pepe, kuendesha televisheni, na kufumba na kufumbua mkono wa bandia bila kutikisa kiungo chochote.

Hata hivyo, daraja lililopo leo kati ya ubongo na kompyuta ni jembamba mno. Ubongo una seli za neva zipatazo bilioni 86, na vifaa vinavyozungumzwa sana vina elektrodi mia kadhaa, au elfu moja na ushei. Msomaji akiikumbuka tofauti hiyo, majibu mengi yanayofuata hayatamshangaza.

Kompyuta inajuaje mtu anataka kufanya nini?

Seli za neva huwasiliana kwa misukumo mifupi ya umeme, kila msukumo ukidumu takribani sehemu moja ya elfu ya sekunde. Katika gamba la ubongo lipo eneo linalotoa amri za mwendo wa viungo. Mtu anapotaka kuupeleka mkono kulia, baadhi ya seli za eneo hilo huongeza kasi ya kutoa misukumo huku nyingine zikipunguza. Anapotaka kuupeleka kushoto, mpangilio hubadilika. Elektrodi zilizopenyezwa katika eneo hilo hunasa misukumo, waya au redio huipeleka kwenye kompyuta, na programu huikadiria kuwa mwelekeo na kasi.

Kabla ya hapo programu hufundishwa. Mgonjwa hukaa mbele ya skrini na kutazama nukta ikisogea polepole, naye huombwa ajaribu kuifuata kwa mkono wake uliopooza. Mkono hautikisiki, lakini seli zake hutoa misukumo, na programu hulinganisha misukumo hiyo na mahali nukta ilipokuwa wakati huohuo. Baada ya dakika chache za zoezi, mgonjwa hukabidhiwa kishale cha kwenye skrini akiendeshe. Mwanzoni kishale huyumba, hupita shabaha, hurudi. Programu hurekebishwa na mgonjwa naye hujirekebisha, maana ubongo huona matokeo ya amri zake na kuzinyoosha. Ndiyo maana watumiaji wazoefu husema kwamba baada ya muda hawafikirii tena mkono, bali wanakipeleka tu kishale wanakotaka.

Jambo ambalo watafiti hawakuwa na hakika nalo kabla ya 2004 ni kama eneo la mwendo lingeendelea kutoa amri kwa kiungo kisichoitikia kwa miaka mingi. Lilikuwa likiendelea. Nagle alikuwa amepooza tangu 2001. Cathy Hutchinson, aliyepooza kwa kiharusi mwaka 1996, aliuendesha mkono wa roboti mwaka 2011, akashika chupa ya kahawa, akaisogeza hadi mdomoni na kunywa kwa mrija, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa hiari yake mwenyewe kwa takribani miaka 15. Elektrodi zake zilikuwa kichwani kwa zaidi ya miaka mitano siku hiyo. Kwa maoni ya mwandishi wa majibu haya, tukio hilo dogo lina uzito kuliko ahadi zote za binadamu mwenye akili ya mashine.

Je, ni lazima fuvu lifunguliwe?

Si lazima, lakini kila hatua ya kukwepa upasuaji hupunguza ubora wa ishara. Kofia yenye elektrodi huvaliwa juu ya ngozi na haina hatari, ila fuvu hufifisha umeme na kuchanganya ishara za mamilioni ya seli, hivyo mtumiaji hupata amri chache na za polepole. Utando wa elektrodi unaolazwa juu ya uso wa ubongo bila kuuchoma hutoa ishara bora zaidi. Kipande kilichobuniwa katika Chuo Kikuu cha Utah, chenye ukubwa wa milimita 4 kwa 4 na sindano zipatazo 100 zinazoingia kwenye gamba kwa milimita moja hivi, ndicho kilichotumika kwa Nagle na kwa wengi waliomfuata.

Kampuni ya Neuralink, iliyoanzishwa mwaka 2016, hutumia nyuzi laini zinazopachikwa na roboti. Kifaa chake kina elektrodi 1,024 katika nyuzi 64, na mtu wa kwanza aliwekewa Januari 2024. Kampuni ya Synchron imechagua njia nyingine kabisa: kifaa chake chenye elektrodi 16 kina umbo la bomba la wavu, na hupitishwa katika mshipa wa damu wa shingoni hadi kwenye mshipa mkubwa uliopo juu ya eneo la mwendo, ambako hukaa bila fuvu kufunguliwa. Ishara zake ni hafifu kuliko za sindano, lakini kwa mtu anayehitaji kubofya na kuchagua tu, huenda hizo zikamtosha.

Je, mtu aliyepoteza uwezo wa kuongea anaweza kurudishiwa sauti?

Hapa ndipo maendeleo yamekuwa ya haraka kuliko popote. Wapo watu ambao akili zao ni timamu lakini hawawezi kutamka neno, kwa sababu ya kiharusi cha shina la ubongo au ugonjwa wa ALS, ambao huua polepole neva zinazoendesha misuli. Kwa miaka mingi walisaidiwa kuchagua herufi moja baada ya nyingine. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walimwomba mtu aliyepooza afikirie kwamba anaandika kwa kalamu, na kompyuta ikatambua herufi kutokana na amri za mkono, kwa kasi ya herufi 90 kwa dakika. Mwaka huohuo kundi la Edward Chang huko San Francisco lilifasiri maneno kamili, ingawa msamiati ulikuwa wa maneno 50 tu.

Miaka miwili baadaye mambo yalikuwa yamebadilika. Mwaka 2023 Stanford walifikia maneno 62 kwa dakika na kundi la Chang likafikia 78, huku mazungumzo ya kawaida ya Kiingereza yakiwa na maneno kama 150 kwa dakika. Makosa bado yalikuwa mengi: katika msamiati mpana wa maneno 125,000, mfumo wa Stanford ulikosea takribani neno moja kati ya manne. Kisha mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, wakatoa taarifa ya mwanamume wa miaka 45 mwenye ALS aliyewekewa elektrodi 256, ambaye maneno yake yalifasiriwa kwa usahihi wa asilimia 97 hivi.

Inafaa kuitazama kazi hiyo kwa karibu. Mtu huyo anapojaribu kutamka sentensi, midomo na ulimi wake havitoi sauti inayoeleweka, lakini eneo la ubongo linaloamuru misuli hiyo bado linatoa amri. Kila baada ya milisekunde 80 programu hukadiria ni sauti ipi ya lugha anayojaribu kuitoa, yaani irabu au konsonanti, si neno zima. Mfululizo wa sauti hizo huwa na makosa, na hapo programu nyingine, iliyojifunza kutokana na maandishi mengi ni maneno gani hufuatana na yapi, huchagua sentensi inayoelekea zaidi kuwa ndiyo. Sentensi huonekana kwenye skrini, kisha husomwa na sauti iliyotengenezwa ifanane na ya mtu huyo kabla hajaugua, kwa kutumia rekodi zake za zamani. Mara ya kwanza mfumo ulipoonyesha alichokuwa akijaribu kusema, alilia kwa furaha, na jamaa zake pia.

Kuna jambo moja ambalo halijadiliwi vya kutosha. Sehemu kubwa ya usahihi huo inatokana na ile programu ya lugha, na programu za namna hiyo huwa nzuri pale ambapo kuna maandishi mengi ya kidijitali ya kuzifundishia. Kazi nyingi zimefanywa kwa Kiingereza; mwaka 2024 kundi la San Francisco lilionyesha kwamba inawezekana kwa mtu anayezungumza Kihispania na Kiingereza. Wagonjwa wanaozungumza lugha zenye maandishi machache mtandaoni wana ubongo uleule na amri zilezile za ulimi, na ingekuwa dhuluma wakichelewa kupata sauti kwa sababu tu lugha zao hazikuandaliwa.

Je, mashine inaweza kusoma mawazo yangu ya siri?

Kwa vifaa vya leo, hapana kwa maana inayotisha watu, lakini jibu hili linahitaji ufafanuzi. Mifumo iliyoelezwa hapo juu hufasiri amri za kujaribu kutenda: kusogeza mkono, kuandika, kutamka. Haichoti kumbukumbu, wala imani, wala nia ya mtu.

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin walitumia mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili, kukadiria maudhui ya hadithi ambazo watu walikuwa wakizisikiliza. Ili wafanikiwe, kila mshiriki alilala ndani ya mashine hiyo kwa saa 16 akisikiliza hadithi, na programu iliyofundishwa kwa mtu mmoja haikufaa kwa mwingine. Zaidi ya hayo, mshiriki aliyeamua kufanya hesabu kichwani au kujisimulia hadithi nyingine aliweza kuuvuruga ufasiri.

Mwaka 2025 Stanford walitoa taarifa inayotuleta karibu zaidi na swali lenyewe. Waligundua kwamba maneno ambayo mtu huyasema kimoyomoyo, bila kujaribu kuyatamka, huacha alama katika eneo la mwendo, hafifu lakini zinazofanana na zile za kutamka, na kwamba yanaweza kufasiriwa kwa kiasi. Watafiti wenyewe waliona hatari: mgonjwa angeweza kusikika akisema asichokusudia kukisema. Kwa hiyo walijaribu kinga, mojawapo ikiwa ni nywila ya kimoyomoyo ambayo mtumiaji huifikiria kwanza ili mfumo uanze kufasiri, na mfumo uliitambua kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 98. Mwandishi anaona kwamba kinga kama hiyo isiwe pambo la maabara bali sharti la kila kifaa kitakachouzwa.

Na kompyuta inaweza kuingiza kitu ndani ya ubongo?

Inaweza, na vifaa vilivyoenea zaidi hufanya hivyo hasa. Kipandikizi cha koklea huzisisimua kwa umeme neva za sikio za mtu asiyesikia. Zaidi ya vifaa milioni moja vya aina hiyo vimekwisha kupandikizwa duniani. Kina elektrodi zisizozidi dazeni mbili hivi, badala ya maelfu ya seli za sikio lenye afya, na bado watoto waliowekewa mapema hujifunza kuongea. Sifa kubwa hapa ni ya ubongo, ambao hujifunza kuelewa ishara duni kwa mazoezi ya miezi mingi.

Kwa upande wa ugonjwa wa Parkinson, Alim-Louis Benabid na wenzake mjini Grenoble, Ufaransa, walionyesha mwaka 1987 kwamba umeme wa mfululizo kupitia waya uliofika ndani kabisa ya ubongo hutuliza mtetemeko. Nchini Marekani tiba hiyo iliidhinishwa mwaka 1997 kwa mtetemeko na mwaka 2002 kwa Parkinson. Mgonjwa ambaye mkono wake hauwezi kushika kikombe huona mtetemeko ukitulia pale pale mashine inapowashwa, na ukirudi inapozimwa.

Hisia ya mguso pia imeanza kurudishwa. Huko Pittsburgh mtu aliyepooza aliwekewa elektrodi za kuendesha mkono wa roboti na nyingine za kuusisimua ubongo pale vidole vya roboti vinapogusa kitu. Kwa mujibu wa taarifa ya mwaka 2021, muda wa kukamata na kuhamisha kitu ulishuka kutoka sekunde 20.9 hadi 10.2 alipopewa mguso. Hapo ndipo inapoonekana kwamba mkono usiohisi ni nusu ya mkono.

Basi kwa nini maarifa, kwa mfano lugha mpya, yasipakiwe ubongoni moja kwa moja?

Kwa sababu maarifa hayakai mahali pamoja kama faili. Kila seli ya neva huunganika na nyingine maelfu kadhaa, na kujifunza ni kubadilika kwa nguvu za maungio hayo yaliyotapakaa sehemu nyingi. Ili kuingiza lugha, ingebidi kujua ni maungio yapi ya mtu huyu mahsusi yabadilishwe na kwa kiasi gani, kisha kuyafikia yote bila kuharibu yaliyomo. Elektrodi moja inapotoa umeme husisimua mamia au maelfu ya seli kwa pamoja, pasipo kuchagua.

Kilichofikiwa ni hatua ya unyenyekevu zaidi. Mwaka 2018 watafiti wa vyuo vikuu vya Wake Forest na Southern California, Marekani, waliwapima wagonjwa wa kifafa waliokuwa tayari na elektrodi kichwani kwa ajili ya matibabu. Walirekodi mpangilio wa misukumo ya hipokampasi, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu, pale mgonjwa alipokumbuka vizuri, kisha wakaurudisha mpangilio wake mwenyewe kwa umeme. Uwezo wa kukumbuka picha uliongezeka kwa takribani asilimia 35. Hawakuingiza kumbukumbu mpya. Waliisaidia kumbukumbu ya mtu huyo ishike.

Je, mtu mwenye afya atafaidika akiwekewa chipu?

Kwa sasa hapana, na anayedai vinginevyo anauza matumaini. Mtu mwenye mikono na sauti ana njia za kuwasiliana na kompyuta zinazozidi kila kipandikizi kwa kasi, kwa usahihi na kwa usalama. Kufungua fuvu ili kupata kile ambacho kidole gumba kinakifanya tayari ni biashara ya hasara. Kevin Warwick wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, alijiwekea elektrodi 100 katika neva ya mkono mwaka 2002 akiwa mzima wa afya, na hata akabadilishana ishara na mkewe aliyewekewa elektrodi pia. Lilikuwa jaribio la kijasiri la kisayansi, lakini elektrodi ziliondolewa baada ya miezi michache.

Hatari za kiafya ni zipi?

Upasuaji wenyewe unaweza kuleta damu kuvuja ubongoni au maambukizi. Vifaa vya zamani vilikuwa na waya unaotokeza nje ya ngozi ya kichwa, na tundu hilo lilikuwa mlango wa bakteria kwa muda wote ambao kifaa kilitumika.

Tatizo linalowasumbua wahandisi zaidi ni la polepole. Ubongo ni laini na husogea kidogo kwa kila pumzi na kila pigo la moyo, ilhali metali na silikoni ni ngumu. Mwili hukitambua kitu kigeni na kukizungushia seli zinazojenga kovu, na kovu hilo huitenga elektrodi na seli za neva, hata ishara zikafifia kwa miezi au miaka. Nyuzi laini zinakusudiwa kupunguza tatizo hilo, lakini zina shida zake: kwa mgonjwa wa kwanza wa Neuralink, nyuzi nyingi zilichomoka ubongoni wiki chache baada ya upasuaji, na ikabidi programu ibadilishwe ili itumie vizuri ishara zilizosalia.

Kampuni iliyotengeneza kifaa ikifilisika, mgonjwa anabaki na nani?

Swali hili huulizwa mara chache kuliko lile la kusoma mawazo, nalo ndilo lenye majeruhi tayari. Kampuni ya Second Sight ya Marekani ilitengeneza Argus II, kifaa chenye elektrodi 60 kilichowekwa kwenye retina ya jicho ili kuwapa vipofu uwezo wa kuona nuru na maumbo. Kiliidhinishwa Ulaya mwaka 2011 na Marekani mwaka 2013. Mwaka 2019 kampuni iliacha kukitengeneza, na mwaka 2020 iliwaachisha kazi wafanyakazi wake wengi ikikaribia kufungwa. Zaidi ya watu 350 duniani walibaki na kifaa mwilini bila uhakika wa vipuri, bila marekebisho ya programu, na wengine bila mtu ambaye daktari wao angeweza kumuuliza kama ni salama kuwapima kwa MRI.

Kisa kingine kilitokea Australia. Mwanamke mwenye kifafa alishiriki majaribio ya kifaa kilichomtahadharisha kabla ya degedege kuanza, akaweza kutoka nyumbani kwa kujiamini, na akakiona kifaa hicho kuwa sehemu ya nafsi yake. Kampuni iliishiwa fedha na ikataka vifaa viondolewe. Yeye na mumewe walikuwa tayari hata kuweka nyumba rehani ili wakinunue, lakini haikuwezekana, na kikatolewa kichwani mwake. Alieleza baadaye kwamba alihisi amepoteza kitu ambacho hatakirudishiwa.

Mwandishi anasimama hapa bila kuyumba: kifaa kinachoingia ubongoni kisiruhusiwe kuuzwa wala kujaribiwa bila mfuko wa fedha uliotengwa mapema kwa ajili ya matunzo yake, na bila michoro na programu zake kuhifadhiwa mahali ambapo wahandisi wengine wataweza kuzifikia kampuni ikitoweka. Kinachomtumaini mtengenezaji ni mwili wa mtu, na mwili haufutwi kwenye vitabu vya hesabu.

Data ya ubongo ni mali ya nani?

Sheria zimeanza kujibu, kwa mwendo usio sawa. Chile ilirekebisha katiba yake mwaka 2021 ili kulinda shughuli za ubongo na taarifa zinazotokana nazo, na Agosti 2023 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliiamuru kampuni ya Emotiv, inayouza vifaa vya kupima mawimbi ya ubongo, ifute data ya aliyekuwa seneta Guido Girardi. Nchini Marekani, majimbo ya Colorado na California yalipitisha sheria kuhusu data za neva mwaka 2024. Novemba 2025 nchi wanachama wa UNESCO zilipitisha pendekezo la maadili ya teknolojia ya neva, ambalo halina nguvu ya sheria lakini huwapa watunga sheria pa kuanzia.

Inastahili kuangaliwa kwamba kesi ya Chile haikuhusu chipu kichwani bali kifaa cha kuvaa. Vipandikizi hupitia mamlaka za dawa na vifaa tiba. Kofia na mikanda inayouzwa kwa ajili ya usingizi au umakini mara nyingi haipiti huko, na masharti yake hukubaliwa kwa kubofya mara moja.

Je, mtu aliyewekewa kifaa anabaki kuwa yuleyule?

Kwa vifaa vya kuendesha kishale, hakuna sababu ya kufikiri vinginevyo, kwa kuwa vinasikiliza tu. Kwa vifaa vinavyosisimua sehemu za ndani za ubongo, swali ni la haki. Baadhi ya wagonjwa wa Parkinson wamepata mabadiliko ya hisia au tabia, wakiwemo waliochangamka kupita kiasi au kufanya mambo bila kujizuia, na mara nyingi hali hiyo ilirekebishwa kwa kubadilisha kiwango cha umeme. Ndugu wa mgonjwa huyaona mabadiliko hayo kabla yake, hivyo wanapaswa kuwapo wakati mashine inaporekebishwa na kusikilizwa wanaposema kuna kitu hakiko sawa.

Je, ubongo mzima unaweza kunakiliwa kwenye kompyuta ili mtu aishi milele?

Hakuna njia inayojulikana ya kufanya hivyo. Mnyoo mdogo aitwaye C. elegans ana seli za neva 302, na ramani ya maungio yake ilichapishwa mwaka 1986; hadi leo hakuna programu inayoiga maisha yake yote kwa ukamilifu. Ramani ya ubongo mzima wa nzi wa matunda, wenye seli takribani 139,000, ilikamilishwa mwaka 2024. Mwaka huohuo watafiti wa Harvard na Google walichapisha ramani ya kipande cha ubongo wa binadamu chenye ujazo wa milimita moja ya mchemraba hivi: kilikuwa na seli 57,000 na maungio yapatayo milioni 150, na picha zake zilijaza terabaiti 1,400. Kipande hicho ni kama sehemu moja ya milioni ya ubongo.

Ramani hizi zote hupatikana kwa kuukata ubongo uliokufa katika tabaka nyembamba mno. Tena ramani huonyesha maungio bila kuonyesha kemikali zinazobadilika kila dakika. Na hata nakala kamili ikipatikana siku moja, itakuwa nakala. Hakuna anayejua kueleza kwa nini aliyekufa ahesabiwe kuwa hai kwa sababu nakala yake inaongea.

Nina ndugu aliyepooza au asiyeweza kuongea. Nifanye nini sasa?

Vipandikizi vya kurudisha mwendo na usemi bado viko katika majaribio, na nafasi ni chache mno. Akipatikana mtafiti anayetoa nafasi, muulizeni kabla ya kutia sahihi: majaribio yakiisha kifaa kitatolewa au kitabaki, nani atalipia matengenezo na upasuaji wa kukitoa, data itahifadhiwa wapi, na je, atakuwapo mtu wa kupokea simu baada ya miaka mitano. Majaribio halali hayamtozi mgonjwa fedha ili ashiriki.

Msisubiri upasuaji ili kuanza kuwasiliana. Wengi wasioweza kutamka bado wanasogeza macho, na kwao kuna mashine zinazofuata mboni na kuchagua herufi kwenye skrini, na hata ubao wa herufi ulioandikwa kwa mkono hufanya kazi pale msaidizi anapokuwa na subira. Mtaalamu wa tiba ya usemi anajua pa kuanzia. Na kwa mgonjwa wa ALS ambaye bado anaongea, rekodini sauti yake mapema, akisoma na akizungumza kwa kawaida, kwa simu nzuri na katika chumba tulivu. Rekodi kama hizo ndizo zilizowezesha sauti ya yule mgonjwa wa Davis kutengenezwa upya.